Kikono cha gurudumu si nati, msee!

Simama Adams Arcade asubuhi uone baiskeli zinavyopenya Ngong Road. Kuna wa kupeleka chakula, wa kwenda job na wale wa mazoezi na helmeti zao za kung'aa. Nyingi ni za mtumba, na nyingi gurudumu la mbele halihitaji spana. Lina kikono tu, kinaitwa kwikirilisi. Unakifungua, gurudumu linatoka. Ukiishi flati ya juu huku Woodley na baiskeli lazima ilale ndani, hiyo ni raha.

Noma ni kwamba wengi hukizungusha kama nati hadi kikaze, kisha wanatoka. Buda, hapo hujafunga kitu. Gurudumu la mbele likichomoka ukiwa mwendo, foku inachimba lami na wewe unaruka juu ya hendobaa. Nyuma yako kuna matatu yenye haraka zake.

Kikono kinafanya kazi kwa kupinduliwa. Ndani yake kuna kiduara kilichopinda upande mmoja, na ukikilaza kinavuta ule mtaimbo mwembamba uliopita katikati ya ekseli. Mvuto huo ndio unaobana foku. Kuzungusha ni kwa kupima tu, tena unazungusha kile kinati cha upande wa pili.

Sasa fanya hivi:

1. Simamisha baiskeli chini kwa magurudumu yake, usiipindue. Uzito wake utakalisha ekseli hadi mwisho wa mianya ya foku, pande zote mbili.

2. Angalia zile springi mbili ndogo. Upande mwembamba unatazama ndani, kwenye gurudumu.

3. Kikono kiwe wazi. Kaza kinati cha upande wa pili kidogo kidogo, huku ukijaribu kulaza kikono. Kianze kuwa kigumu kikifika nusu ya safari, yaani kikiwa kimenyooka sambamba na ekseli.

4. Sukuma kwa kiganja hadi kilale kabisa. Kikiacha alama kwenye ngozi, uko fiti. Kikilala kwa kidole kimoja, fungua, kaza kinati tena. Ncha yake ielekee juu au nyuma, isielekee mbele ambako kitu kinaweza kuinasa.

5. Inua mbele, piga tairi ngumi kutoka juu, kisha lizungushe. Lisitoke wala kucheza. Ukiwa ulifungua breki ya rimu, irudishe na uibane mara mbili kabla hujapanda.

Kama baiskeli yako ina breki ya diski, kuna jambo lingine. Mwaka 2015 kampuni ya Trek iliita tena karibu baiskeli milioni moja za Marekani na Kanada. Kikono kikiachwa wazi kingeweza kupinduka kupita kiasi na kunasa kwenye diski. Mwendeshaji mmoja alipooza mikono na miguu. Yako ipime leo: fungua kikono, kizungushe mzunguko mzima kikiwa wazi. Nafasi kati yake na diski ikiwa chini ya milimita 6, usiiendeshe. Tafuta kikono kingine.

Halafu kuna vile vijino vidogo kwenye ncha za foku ambavyo mafundi wengine huvikata kwa tupa ili gurudumu litoke chap. Kataa. Kazi yake ni kulishika gurudumu kikono kikilegea.

Na ukiegesha mtaani, funga fremu pamoja na gurudumu kwa mnyororo, maana kinachokurahisishia wewe kinamrahisishia mwizi pia. Ukirudi, gusa kikono kabla hujapanda. Huenda kuna mtu alikichezea akakosa muda wa kumaliza.

Ni sekunde tano tu, na taa za Adams zitakungoja.