Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Duka la Spea (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale sensa ya oksijeni inapopeleka habari zake kwenye kontroli boksi. Leo tuingie kwenye jambo linalowala fedha wenye magari kuliko ubovu wenyewe: namna misimbo ya kompyuta inavyosomwa.

Tazama magari yanayoshuka mwaloni Katonga, hapa Kigoma, alfajiri kupakia dagaa na migebuka. Probox, IST, Noah kuukuu. Wenzao wa majini hawana taabu hii, kwa sababu mashine ya boti ya mapigo mawili yenye kabureta haina kompyuta ya kuihoji. Fundi husikiliza mlio, akafungua plagi na kutazama rangi yake, na hapo amekwisha kujua mengi. Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ ni vivyo hivyo. Lakini Probox ya 1NZ-FE hupima hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa kranki na oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi, tena bila kupumzika. Kipimo kikitoka nje ya mipaka, kompyuta huandika msimbo na kuwasha taa kwenye dashibodi.

Utaratibu huu ulianzia California, ukawa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia matoleo ya 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Msimbo una herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Sifuri ikifuata herufi, maana ya msimbo ni moja kwa kampuni zote. Ikifuata 1, mara nyingi ni msimbo wa kampuni yenyewe.

Magari yetu mengi, hata hivyo, yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, si kwa soko la Marekani. Ndiyo maana unaweza kukuta soketi ya matundu 16 chini ya usukani, ukachomeka kile kifaa cha bei rahisi cha kuunganisha na simu, na gari likakaa kimya. Si lazima kifaa kiwe kibovu. Lugha ndiyo haielewani. Toyota za miaka ya tisini zina njia ya kale zaidi: chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki, fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili tena: hiyo ni 22, joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna msimbo.

Sasa tuje kwenye P0171, maana ndiyo inayouza sensa nyingi zisizo na kosa. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Dereva huuliza, “Fundi, mashine imesema nini?” Fundi hujibu, “Oksijeni sensa imekufa, bosi.” Mashine haikusema hivyo. Msimbo ni shahidi aliyesikia kishindo usiku: anaijua nyumba, hamjui mvunjaji. Sensa imeona oksijeni nyingi ikitoka, ikatoa taarifa, kompyuta ikaongeza mafuta, ikaongeza tena, hadi ikafika ukomo wake. Kumng'oa aliyetoa taarifa hakuzibi tundu.

Tundu liko wapi? Hapa mashine ya kupimia ina kazi kubwa kuliko kutaja msimbo, maana huonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imeongeza. Isome injini ikiwa sailensa, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa nyongeza ni kubwa kwenye sailensa na inashuka unapokanyaga, tafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi: kuna hewa inaingia bila kupimwa. Ikiwa ni nzuri kwenye sailensa na inapanda gari linapopewa mzigo, shuku pampu ya mafuta, filta iliyoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi. Chunguza pia ekzosi iliyochomelewa kienyeji. Ufa mdogo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje na kuipotosha. Yote haya hayahitaji spea hata moja. Na spea ya kuagiza Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli, ikifika na kosa likabaki palepale, nani atairudisha?

P0302 ni rahisi zaidi: silinda ya pili haichomi. Hamisha koili yake kwenye silinda ya tatu, futa msimbo, endesha. Ukirudi kama P0303, koili imejitaja. Ukibaki P0302, hamisha plagi, halafu jaribu nozeli, mwisho pima kompresheni. P0300, yaani silinda mbalimbali kwa kubahatisha, aghalabu si koili zote kufa siku moja. Kwa gari la mwaloni ningeuliza kwanza petroli ilitoka kwenye dumu gani, kwani petroli ya boti huchanganywa na oili, na oili hiyo huchafua plagi na sensa. Taa ikiwa inawaka na kuzima huku injini inatetemeka, ondoa mguu: mafuta yasiyoungua yanakwenda kuunguza masega ya ekzosi.

Neno kwa wanunuzi. Kuchomoa betri hufuta misimbo ya magari mengi, na wauzaji wanajua. Lakini hufuta pia majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe barabarani. Mwambie fundi ayatazame. Yote yakionekana hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni, na una haki ya kumuuliza mwenye gari sababu.

Wiki ijayo: P0118, na jinsi waya mmoja uliokatika unavyoifanya kompyuta iamini kwamba maji ya rejeta hapa Kigoma yako kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.