Ua limebadilika rangi? Usimlaumu muuza miche

KATIKA nyumba nyingi, bustani ndogo ya mbele si pambo tu. Kuna waridi lililopandwa mwaka wa harusi, bogenvilia iliyotoka kwa mama mkwe, au ua lililoachwa na bibi ambaye sasa ni marehemu. Ndiyo maana ua kama hilo likichanua kwa rangi nyingine, maneno huwa mengi. Baba atasema muuza miche aliwatapeli, mama atamshuku kijana wa bustani, na watoto wataulizwa walimwagia nini. Mara nyingi mmea huishia kung'olewa.

Kabla ya kushika jembe, mzazi ajue kwamba mmea unaoishi miaka mingi haubadilishi rangi bila sababu. Zipo sababu nne za kawaida. Katika baadhi, rangi ya zamani hurudi. Katika nyingine, ukichelewa umeipoteza moja kwa moja.

Udongo umebadilika

Haidranjia, ua la vichwa vikubwa vya mviringo linalostawi sehemu za baridi, ndilo mfano maarufu. Rangi yake hutegemea madini ya alumini yaliyomo ardhini. Udongo ukiwa na asidi, yaani pH chini ya 5.5, alumini huyeyuka, mizizi huinyonya na ua huwa la bluu. Asidi ikipungua na pH kuvuka 6.5, alumini haipatikani kwa urahisi na ua huwa la waridi. Katikati ya hapo hutoka zambarau, au rangi mbili kwenye mmea mmoja. Haidranjia nyeupe haigeuki hivyo.

Maeneo ya chai, kama Mufindi, Njombe, Limuru na Kericho, yana udongo wa asidi kwa sababu chai yenyewe huupenda. Mche wa bluu ukitolewa huko na kupandwa kwenye udongo usio na asidi, unaweza kuchanua waridi mwaka unaofuata. Hata bila kuhamishwa, nyumba yenyewe inaweza kuubadilisha. Chokaa iliyomo kwenye saruji ya ukuta mpya huoshwa na mvua hadi kwenye mizizi, na majivu ya jikoni yanayomwagwa shinani hufanya kazi hiyohiyo.

Dawa ni kuacha majivu na kuondoa vifusi. Wapo wanaomwagilia maji yaliyoyeyushwa shabu kidogo, kwa kuwa shabu ina alumini. Isizidishwe, kwani huunguza mizizi. Rangi haigeuki kwa wiki moja; subiri msimu ujao wa maua.

Shina la chini limetawala

Miche mingi ya waridi ya kununua imebebeshwa: tawi la waridi zuri limeunganishwa juu ya shina la waridi jingine lenye mizizi imara. Shina hilo la chini nalo ni mmea hai. Likitoa machipukizi yakaachwa, hukua kwa kasi na kunyang'anya chakula cha sehemu ya juu. Baada ya muda waridi lililonunuliwa hufa, na linalobaki ni lile la chini lenye maua yake.

Hapa kuchelewa ndiko kunakogharimu. Tafuta kifundo cha maungio karibu na ardhi. Tawi lolote linalotoka chini yake ling'oe kuanzia linapoota, maana likikatwa juujuu litachipua tena. Kama tawi moja tu la zamani bado lina uhai, lipunguzie washindani hao leo.

Ni mtoto, si mama

Wakati mwingine ua la zamani lilishakufa, na linaloonekana limeota kutokana na mbegu zilizodondoka palepale. Mbegu huchanganya urithi wa wazazi wawili. Mirabilisi, ua linalofunguka kuanzia kama saa kumi alasiri, huonyesha jambo hili wazi: jekundu likichavushana na jeupe, watoto wanaweza kuwa wa waridi. Rangi ya mama haiwezi kulazimishwa irudi kwenye mmea huo.

Kwa hiyo, ua la kumbukumbu lisitegemewe kwa mbegu. Kata kijiti chake na ukipande, kwa sababu mmea unaotokana na kijiti hubeba urithi uleule wa mama yake.

Tahadhari ni moja: bogenvilia mara chache hutoa tawi moja lenye rangi tofauti na mengine, kutokana na badiliko dogo ndani ya chipukizi. Ukilipenda, panda kijiti chake. Usipolipenda, likate.

Jua na joto

Mti uliokua na kutia kivuli, au ghorofa la jirani, hupunguza mwanga na bogenvilia ikafifia. Kwa upande mwingine, msimu wa joto kali hupausha maua mengi mekundu na ya zambarau, wakati miezi ya baridi huyakoleza. Hili halihitaji dawa zaidi ya kupunguza matawi yanayoziba jua, au kungoja hali ya hewa igeuke.

Wahusishe watoto

Kazi ya uchunguzi huwafaa watoto. Wafunge uzi kwenye tawi lililogeuka, walifuate hadi linapotokea, kisha wapige picha kwa simu kila msimu ili mwakani familia isibishane kwa kumbukumbu tu. Waonywe wasitafune majani wala maua ya haidranjia, kwa kuwa yana sumu, na wanawe mikono wakimaliza.

Na kama kuna ua nyumbani ambalo familia isingependa kulikosa, vijiti viwili vitatu vipandwe sasa lingali na rangi yake, kimoja kwenye chungu na kingine kwa ndugu au jirani.