Mahudhurio Hayapimi Fikra

Ofisi nyingi siku hizi zimefunga mashine ya alama za vidole mlangoni, na mwisho wa mwezi ofisa utumishi huchapa orodha ya nani alichelewa na nani aliwahi kuondoka. Kwa mlinzi wa zamu au keshia wa benki orodha hiyo ina maana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yao ni kuwapo. Kwa mhariri, mbunifu wa matangazo, mwanaprogramu au mchumi wa wizara, haisemi lolote kuhusu ubora wa alichokifanya. Bado inaaminiwa, kwa sababu bosi asiyejua afuatilie nini hufuatilia kinachohesabika.

Mazoea haya yana asili yake. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 jinsi wapakiaji wa mikuo ya chuma wa kampuni ya Bethlehem Steel walivyopanda kutoka tani 12.5 kwa mtu kwa siku hadi tani 47.5, baada ya kazi yao kupimwa kwa saa na kuamriwa lini wabebe, lini wapumzike. Wanahistoria wamezitilia shaka hesabu hizo, lakini hoja iliyokuwa nyuma yake ilienea dunia nzima: msimamizi anaijua kazi kuliko anayeifanya, basi yeye apange na mwingine atekeleze. Peter Drucker alipoanza kuandika kuhusu mfanyakazi wa maarifa mwaka 1959, aligusa mahali hasa ambapo hoja hiyo inakwama. Mwanaprogramu huajiriwa kwa kuwa bosi hawezi kuiandika programu hiyo. Atampangia hatua kwa msingi gani? Kinachobaki mikononi mwa bosi ni kuchagua swali, kuondoa vikwazo na kupima kilicholetwa. Njia ya kufikia jibu humwachia mwenye kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya AT&T. Mitambo ya simu ilitegemea valvu za kioo zilizokula umeme mwingi na kuungua. Mervin Kelly, mmoja wa wakuu wa maabara, alitaka kitu cha kuchukua nafasi yake, na mwaka 1945 kikaundwa kikundi kilichochanganya wanafizikia, wanakemia na wahandisi. Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain wakapata transista. Swali lilikuwa la kampuni, tena lilikuwa kali. Uhuru waliopewa ulikuwa wa kutafuta njia.

Kiongozi wa kikundi hicho, William Shockley, anatupa upande wa pili wa mfano huohuo, na kwangu huu ndio wenye mafunzo zaidi. Hakuwa bosi asiyejua kazi: alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956 pamoja na wenzake hao wawili. Lakini aliwabana. Bardeen aliondoka mwaka 1951 kwenda kufundisha chuo kikuu, na baadaye akapata Nobel ya pili. Shockley alipoanzisha kampuni yake California aliwachagua vijana wenye vipaji vya juu, kisha akawashuku kiasi cha kutaka wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Mwaka 1957 wanane walihama kwa pamoja na kuanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel mwaka 1968.

Wapo watakaosema dawa ni fedha: ahidi bonasi, fikra zitakuja. Sam Glucksberg alilijaribu jambo hili katika utafiti alioutoa mwaka 1962. Watu walipewa mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, wakatakiwa kuubandika mshumaa ukutani. Jibu ni kumwaga pini na kukigeuza kisanduku kuwa kishikio. Walioahidiwa zawadi walichelewa kuliko wasioahidiwa. Ila pini zilipotolewa kisandukuni mapema, jibu likawa karibu wazi, na wenye ahadi ya zawadi ndio waliowahi. Zawadi huharakisha njia inayojulikana na huweza kumfunga macho anayepaswa kuona njia mpya. (Asichukue mwajiri utafiti huu kama ruhusa ya kuwalipa wachoraji kwa asante: mtu anayewaza kodi ya nyumba hawazi kazi yako.)

Wengine watahofia uvivu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini mashine ya vidole ndiyo maficho mazuri ya mvivu: anafika saa mbili kamili, anaondoka saa kumi na moja, na hana deni. Akipewa swali lililo wazi na tarehe ya kuonyesha alipofikia mbele ya wenzake wanaoijua kazi, hana pa kujificha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba AT&T ilihodhi soko la simu, hivyo iliweza kusubiri miaka. Kweli, studio ya watu watano haiwezi kumpa mbunifu miaka miwili. Inaweza hata hivyo kumpa asubuhi isiyo na vikao, na mtu mmoja wa kupokea simu za wateja badala ya kila mteja kumpigia mbunifu moja kwa moja. Inaweza pia kumpa maelezo ya kazi yanayosema tatizo la mteja ni nini, kabla hajaambiwa nembo iwe ya rangi gani.