Homa ya Papasi

Papasi ni jamaa ya kupe, lakini hakai majanini. Makao yake ni nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka; aliyeumwa huamka asijue lililompata.

Baada ya juma moja hivi homa kali humshika, na kichwa na viungo humwuma. Siku chache ikamwacha, naye akadhani amepona. Kumbe baada ya siku kadhaa humrudia. Wengi huiita malaria. Ushahidi ni damu itazamwayo kwa darubini, nayo hutolewa wakati homa imepanda, maana ikishuka vijidudu hupungua hata visionekane. Mwenye mimba asikawie, kwani homa hii huweza kumwua mtoto tumboni. Dawa ya tetrasaiklini huiponya, lakini mwenye mimba hupewa dawa nyingine.

Mwaka 1905 Robert Koch, daktari Mjerumani, alifika Dar es Salaam akasafiri bara, akavikuta vijidudu hivyo hata katika mayai ya papasi. Mwaka uo huo Dutton, Mwingereza aliyeichunguza homa hiyo huko Kongo, alikufa kwayo.

Papasi aweza kukaa miaka bila kula, hivyo hata nyumba iliyohamwa si salama. Kuta na sakafu za saruji, kama zilivyoenea Kinondoni na Temeke, humnyima maficho.