Tinti ya magari: Ongeza faida kwa wateja walewale

BIASHARA ya kuweka tinti kwenye vioo vya magari haihitaji eneo kubwa wala mashine za bei mbaya. Fundi mwenye mkono mzuri, chupa ya maji ya sabuni, mpira wa kukamulia maji, wembe na mashine ya kupuliza hewa ya moto anaweza kuanza kazi.

Kwa kuwa mlango wa kuingilia ni mpana, wanaoingia ni wengi. Fundi mmoja akitoza Sh80,000 kwa gari dogo, jirani yake anashusha hadi Sh70,000, na wa tatu anakubali Sh60,000. Mwisho wa mwezi wote wametoka jasho, lakini kodi ya fremu bado inadaiwa.

Ipo njia nyingine ya kushindana, nayo ni kuwa na huduma ya madaraja, ili mteja mwenye uwezo na mahitaji makubwa zaidi alipe zaidi kwa hiari yake. Wakulima wa kahawa wanaifahamu njia hii. Kahawa ya shamba moja hupangwa AA, A, B na PB, na kila daraja hupata bei yake mnadani. Mkulima hakuongeza hata mche mmoja, ila kahawa yake imepangwa kulingana na mahitaji ya wanunuzi.

Madaraja matatu

Karatasi za tinti zinazotumika zaidi ni za aina nne. Ya kwanza ni ya kupakwa rangi. Bei yake ni ndogo, inatia giza vizuri, lakini inazuia joto kidogo, na ikikaa juani muda mrefu rangi huchujuka na kugeuka zambarau. Ya pili ina chembe za metali. Inazuia joto vizuri, ila inaweza kusumbua mawimbi ya redio na simu. Ya tatu ni ya kaboni, ambayo haichujuki upesi na haisumbui mawimbi. Ya nne ni ya seramiki, ambayo huzuia joto jingi hata inapokuwa nyeupe kiasi cha kuona nje bila shida.

Kwa fremu ndogo, madaraja matatu yanatosha: rangi, kaboni na seramiki. Ukiweka mawili, wengi watachukua la bei ndogo. Ukiweka sita, mteja atachanganyikiwa na kuondoka akisema atarudi kesho.

Hesabu yake

Tuchukue mfano, nawe utaweka bei za soko lako. Roli la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30. Tuseme gari dogo linatumia mita 5, yaani roli moja linatosha magari sita. Malipo ya fundi, sabuni na umeme ni Sh20,000 kwa gari, daraja lolote liwalo.

Tuseme roli la rangi ni Sh180,000, sawa na Sh30,000 kwa gari. Ukitoza Sh80,000, unabaki na Sh30,000. Roli la kaboni likiwa Sh420,000, kila gari linakula karatasi ya Sh70,000. Ukitoza Sh150,000, unabaki na Sh60,000. Roli la seramiki likiwa Sh900,000, gari moja linakula Sh150,000. Ukitoza Sh300,000, unabaki na Sh130,000.

Sasa weka kodi ya fremu, mlinzi na gharama nyingine za kila mwezi kuwa Sh600,000. Fundi anayehudumia magari 30 kwa mwezi, yote ya daraja la chini, anapata Sh900,000. Akitoa gharama hizo anabaki na Sh300,000. Mwenzake ana wateja 30 vilevile, lakini 20 wamechukua rangi, saba kaboni na watatu seramiki. Huyu anapata Sh1,410,000, na baada ya gharama anabaki na Sh810,000. Wateja kumi tu waliobadili daraja wamempa zaidi ya mara mbili na nusu ya faida ya jirani yake, ingawa kodi na siku za kazi ni zilezile.

Kizuri hiki hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye tinti methali hii inagoma, kwa sababu karatasi ya bei kubwa na ya bei ndogo zikishabandikwa zinaweza kufanana kabisa. Wateja wengi huamini kwamba tinti nyeusi zaidi ndiyo inayozuia joto zaidi. Sivyo. Takriban nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Karatasi inaweza kuwa nyeusi tii na bado ikaipitisha mionzi hiyo.

Ushahidi mzuri upo karibu yenu, wafugaji wa kuku. Chukua ile taa nyekundu ya joto ya kulelea vifaranga. Tafuta vipande viwili vya kioo, kimoja kibandike karatasi ya rangi iliyo nyeusi sana, kingine seramiki iliyo nyepesi. Mwambie mteja aweke mkono nyuma ya kila kioo, taa ikiwa mbele. Mkono utamweleza kwa sekunde chache.

Hata hivyo, uwe mkweli. Joto la taa hiyo karibu lote ni infraredi, hivyo tofauti itaonekana kubwa kuliko ilivyo juani. Rudia jaribio nje saa saba mchana, mteja aone hali halisi. Vilevile, unaponunua roli usiridhike na maandishi kwamba linazuia asilimia 90 ya infraredi, kwani mara nyingine kipimo hicho ni cha sehemu tu ya mionzi hiyo. Uliza kiasi cha jumla cha nishati ya jua kinachozuiwa, kisha linganisha roli kwa roli.

Usimuuzie mtu seramiki kwa kumtisha na mionzi ya urujuanimno peke yake. Karatasi nzuri ya daraja lolote inaweza kuzuia hadi asilimia 99 ya mionzi hiyo.

Maswali kabla ya bei

Kabla ya kutaja bei, muulize mteja mambo matatu. Gari linaegeshwa wapi mchana? Huwa linabeba nani au nini? Anatarajia kukaa nalo muda gani?

Anayeegesha chini ya mwembe na anayekusudia kuuza gari baada ya miezi mitatu mwambie wazi kuwa karatasi ya rangi inamtosha. Utapoteza Sh30,000 leo, lakini atakuletea ndugu zake. Anayeshinda juani na watoto wadogo, au mfanyabiashara anayebeba vifaranga wa siku moja kwenye gari la abiria, ana sababu ya kulipa zaidi. Huyo naye mweleze mipaka: tinti inapunguza joto, haligeuzi gari kuwa jokofu. Chanjo za mifugo bado zinahitaji kasha lenye barafu.

Usisahau magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Mengi huja na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani, na mwenye gari husema nyuma hakuhitaji kitu. Weusi ule ni rangi ya kioo chenyewe, na uwezo wake wa kuzuia joto ni mdogo kuliko unavyoonekana. Karatasi nyepesi ya seramiki juu yake hupunguza joto bila kuongeza giza sana, nayo ni huduma ambayo wengi hawajawahi kuelezwa.

Mteja ambaye fedha haitoshi mpe nusu hatua: seramiki kwenye vioo vya upande unaopigwa sana na jua, kaboni kwingine. Kuondoa tinti ya zamani nako kutozwe peke yake, maana ni kazi ya saa nzima au zaidi. Kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu usikwangue kwa wembe. Ukizikata, deni ni lako.

Hatari za daraja la juu

Anayelipa Sh300,000 hatavumilia malengelenge wala vumbi chini ya karatasi. Kwa mfano wetu, kurudia gari moja la seramiki kutakugharimu Sh170,000, yaani faida yote ya gari hilo na Sh40,000 za gari linalofuata. Kwa hiyo, kabla ya kununua roli la seramiki, tafuta chumba kinachofungika, mwagia sakafu maji kutuliza vumbi, na kazi hiyo mpe fundi wako mzoefu. Mwambie mteja asishushe vioo kwa siku kadhaa hadi gundi ikauke.

Hatari ya pili ni mtaji kulala. Ukipata wateja watatu wa seramiki kwa mwezi, roli moja litakaa miezi miwili. Usinunue weusi wa kila aina. Anza na mmoja, na chukua arubuni ya nusu ya bei. Katika mfano wetu nusu hiyo ni Sh150,000, sawasawa na gharama ya karatasi, hivyo mteja akighairi baada ya kukata hujaumia.

Hatari ya tatu ni sheria. Namba iliyoandikwa kwenye roli ni kiasi cha mwanga kinachopita, hivyo asilimia 20 ni nyeusi kuliko 50. Kioo nacho hupunguza mwanga. Karatasi ya asilimia 70 juu ya kioo kinachopitisha asilimia 78 inaacha asilimia 55 hivi tu. Jua kanuni za usalama barabarani kuhusu kioo cha mbele na milango ya mbele kabla hujakata karatasi, kwani mteja akisimamishwa na trafiki atarudi kwako.

Pa kuanzia

Mwezi huu nunua roli moja la kaboni. Bandika ukutani bei za madaraja yako, tengeneza vioo vya jaribio, na andika kwenye daftari kila mteja amechukua nini na kwa sababu gani. Roli likiisha, toa gharama na ulinganishe na mwezi uliopita. Faida iliyoongezeka ndiyo itakayonunua roli la kwanza la seramiki. Ukifika hapo bila kukopa, jirani yako anaweza kushusha bei hadi Sh50,000 na wewe bado utalipa kodi ya fremu.