Mwanafunzi muuguzi anapompima mtoto wako

Kwenye kituo cha afya tunakuta mara nyingi vijana wenye nguo nyeupe na daftari mkononi. Ni wanafunzi wa ISTM wanaofanya staji. Wamama wengine wanasema: "Huyu asimguse mtoto wangu." Woga huo unaeleweka. Lakini tuone kwanza kwa nini wanatumwa pale.

Katika hospitali kubwa, mwanafunzi anafuata nyuma ya daktari. Kwenye vituo vingi vya afya hapa Kongo, daktari hayupo. Muuguzi mwenyewe anamsikiliza mama, anampima mtoto, na anaamua: arudi nyumbani na dawa, ao apelekwe mbio hospitali kuu. Kazi ya kuamua hivyo haijifunzwi darasani peke yake.

Tuchukue mtoto anayekohoa. Mwanafunzi anapaswa kuinua nguo ya mtoto na kuhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 ao zaidi, anapumua haraka mno. Wa mwaka 1 mpaka miaka 5, mara 40 ao zaidi. Hapo mapafu yanaweza kuwa na ugonjwa. Mtoto akilia, hesabu inaharibika. Kwa hiyo mama, mpakate mpaka atulie, na usimharakishe mwanafunzi.

Anapaswa pia kutafuta alama za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, ao amelegea na haamki vizuri. Ukiona hata moja nyumbani, usingoje kesho.

Sasa, sisi wamama tufanye nini?

Muulize mwanafunzi jina lake, na muuguzi gani anamsimamia. Mweleze ugonjwa ulianza siku gani, na dawa zote ulizompa mtoto, hata za kienyeji, bila haya. Akikupa dawa, rudilia mbele yake: kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Usipoelewa, mwombe aeleze tena kwa luga unayosikia. Na kama hutaki mwanafunzi akupime mwili wako, sema kwa upole, umwombe muuguzi anayemsimamia.

Kijana huyo, akimaliza masomo, pengine atatumwa kijijini ambako atakuwa peke yake usiku na mtoto wa mama mwingine. Afadhali ajifunze kuhesabu vizuri sasa, msimamizi wake akiwa karibu.