Kambi ya skauti Kwa Vonza: Milima na mito ya mchanga ni sehemu ya somo

WENGI wanaposikia habari za kambi ya skauti hufikiria mahema yaliyopangwa uwanjani, gwaride la asubuhi na nyimbo zinazoimbwa kando ya moto usiku. Mambo hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, kundi linalosafiri hadi Kwa Vonza, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, kisha likarejea nyumbani bila kuizuru nchi iliyo jirani, huwa limeacha nusu ya somo.

Uskauti wenyewe ulianza kwa kuisoma nchi. Mwaka wa 1907, Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawafundisha kupika, kufuata nyayo na kutambua ishara za maumbile. Mwasisi huyo alifariki Nyeri mwaka wa 1941, na maskauti wanaolizuru kaburi lake huuona pia Mlima Kenya.

Kitui na Makueni hazina mlima wenye theluji. Zina somo jingine: jinsi watu wanavyoishi mahali ambapo maji ni haba.

Somo la kwanza ni uwanda wa juu wa Yatta, ambao mgongo wake mrefu hupita karibu na Kwa Vonza. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, lava ya volkano ilitiririka katika bonde la mto wa kale na kuganda humo. Kadiri miaka ilivyopita, ardhi laini ya kandokando ilimomonyoka, lava ngumu ikabaki. Kilichokuwa bonde sasa ni mwinuko wa takriban kilomita 290, miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Skauti mwenye ramani na dira anayesimama ukingoni na kulitazama bonde la Mto Athi huelewa mara moja jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa kadhaa.

Somo la pili ni mito ya msimu. Kwa miezi mingi mito hiyo huonekana kama barabara za mchanga, kumbe maji yamo chini. Tangu miaka ya 1990, wakazi wa Kitui wamejenga mabwawa mengi ya mchanga. Ukuta wa zege au mawe hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya chembe zake, mbali na jua kali. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima mchangani na kuteka. Ndiyo maana uchotaji holela wa mchanga wa ujenzi umezua mabishano makali, hata Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka wa 2015. Lori linaloondoka na mchanga huondoka pia na ghala la maji la kijiji.

Somo la tatu liko ng'ambo ya Athi, katika vilima vya Mbooni, Makueni. Huko miteremko imekatwa matuta kutoka chini hadi juu. Mkulima huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu, na kwa sababu hiyo mtindo huo huitwa "fanya juu". Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote. Matuta huyazuia maji ya mvua yasikimbie na udongo.

Kundi lenye siku ya ziada linaweza kufika kwenye mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Wenyeji husimulia kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Vijana hupenda kisa hicho, nao wazee wa hapo ndio wanaofaa kukisimulia.

Safari za aina hii hazifai kufanywa bila mpango. Likizo ya Agosti ndiyo bora, kwa kuwa ile ya Aprili huangukia msimu wa mvua. Matembezi yaanze alfajiri na kukoma kabla ya jua kuwa kali, kila mtoto akiwa na maji yake mwenyewe, walau lita tatu kwa siku. Chifu wa eneo ajulishwe, wazazi watoe idhini, na kundi liongozwe na mwenyeji anayezijua njia.

Jambo moja halina mjadala: hema lisipigwe kamwe katika mchanga wa mto, hata ukiwa mkavu na mbingu zikiwa safi. Mvua inayonyesha vilimani, mbali na macho ya walio kambini, inaweza kuteremsha mafuriko kwa dakika chache na kuwakuta wakiwa usingizini.

Skauti hufundishwa kuwa tayari. Anayerudi kutoka Kwa Vonza akijua maji yamejificha wapi, nani anayalinda na ni lini yanaweza kuua, atakuwa amelielewa agizo hilo kuliko aliyelikariri uwanjani.